Chama cha Asali: Nyuki Nao Wawe na Fungu Lao

Ukipita barabara ya Marigat kwenda Kabarnet, kule Baringo, utaona chupa za asali zimepangwa kando ya lami. Nyingine ni nyeusi kama kahawa, nyingine zina rangi ya dhahabu. Siku hizi mteja akishusha kioo cha gari hatoi noti. Anauliza, "Mna till?" na kabla chupa haijafutwa vumbi, pesa imeshaingia.

Somo la leo ni la watu walio nyuma ya chupa hizo, yaani vikundi vya wafugaji nyuki, iwe ni Baringo, Kitui, Makueni, Taita au popote pengine. Kikundi cha asali kina shida ya pesa ambayo kikundi cha maziwa hakina. Maziwa huuzwa kila siku, na malipo huja kila wiki au kila mwezi. Asali huja kwa pamoja, mara moja au mbili kwa mwaka baada ya miti kutoa maua, halafu inafuata miezi ya kimya. Na ni katika hiyo miezi ya kimya nyuki wanapohitaji kuangaliwa zaidi. Wakati huo pesa za msimu zilishagawanywa, zikalipa karo, zikanunua mbuzi, zikaisha. Nyuki wakihama, hakuna mwenye hata shilingi ya kununua waya.

Kwa hivyo kabla ya kuongea mambo ya simu, tuongee kidogo mambo ya mzinga. Ukielewa nyuki anahitaji nini na wakati gani, utaelewa pia pesa ya kikundi inafaa kukaa vipi.

Kwa nini nyuki wanahama

Nyuki wetu wa Afrika si kama wale wa Ulaya ambao wamezoea kukaa na asali nyingi kungojea baridi ipite. Wetu wamezoea ukame. Maua yakiisha, maji yakikauka au wakisumbuliwa sana, kundi zima linaweza kuondoka na malkia wake na kuacha masega matupu. Wakulima wengi hudhani wamerogwa au wameibiwa. Ukweli ni kwamba nyuki wamepiga hesabu yao na kuona mahali hapo hapalipi.

Maji ndiyo jambo la kwanza. Nyuki hutumia maji kupoza mzinga wakati wa joto na kulainisha chakula cha mabuu. Wakikosa maji karibu, watayafuata hadi kwenye tangi la jirani au birika la ng'ombe, na hapo ndipo kesi za watu kuumwa zinapoanza. Karai moja lenye maji kidogo, na mawe au vijiti ndani yake ili nyuki watue bila kuzama, linatosha kwa mizinga kadhaa. Lakini karai halijijazi lenyewe. Mwezi wa pili au wa tisa, sehemu nyingi kavu hununua maji kwa jerikeni, na kuna mtu lazima ayapeleke mpaka kwenye mizinga.

Jambo la pili ni wadudu na wanyama. Siafu wakipata njia ya kupanda, usiku mmoja unatosha kumaliza kundi au kulifukuza. Nyegere naye hupasua mzinga kwa kucha zake akitafuta asali na mabuu. Dawa ya hawa wawili ni ileile: mzinga uning'inizwe kwa waya katikati ya nguzo au miti miwili, usigusane na matawi, na waya upakwe grisi. Grisi hukauka na kushika vumbi, kwa hivyo hupakwa tena na tena. Nyasi ndefu chini ya mzinga ni ngazi ya siafu, nazo hukatwa. Ukiangalia, hakuna kati ya mambo haya ambalo ni ghali. Ni vitu vidogo vidogo vya kila mwezi, na ndiyo maana husahaulika.

Halafu kuna nondo wa nta na wale mende wadogo weusi wa mzinga. Hawa hupenda kundi dhaifu, lenye nyuki wachache kuliko masega. Kundi lenye nguvu huwafukuza lenyewe. Utitiri wa Varroa pia upo Kenya, ulithibitishwa karibu mwaka wa 2009, ingawa nyuki wetu wameonekana kuuvumilia kuliko nyuki wa Ulaya. Ukiona mabuu yamekufa au nyuki wengi wana mabawa yaliyojikunja, usinunue dawa ya kubahatisha dukani. Muulize afisa wa mifugo wa kaunti, au Taasisi ya Kitaifa ya Ufugaji Nyuki kule Lenana, Nairobi. Icipe, pale Kasarani, nao wana maabara ya afya ya nyuki.

Jambo la tatu, na hili linauma kulisema, ni sisi wenyewe. Ukivuna kila sega lililo ndani ya mzinga umewaachia njaa. Nyuki kibarua huishi wiki sita hivi wakati wa kazi nyingi, na huchukua karibu siku 21 kutoka yai hadi kutoka kwenye kijumba chake. Ukikata masega ya mabuu pamoja na ya asali, umekata wafanyakazi wa mwezi ujao. Vuna masega yaliyofunikwa kwa nta tu. Yasiyofunikwa bado yana maji mengi, na asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha ndani ya chupa. Mteja akifungua na kukuta povu, hatarudi. Acha masega kadhaa ya asali kwa wenyewe, hata kama mnunuzi amesimama pale na mizani yake.

Fundi wa mizinga na milimita 32

Hapa niseme neno kuhusu mizinga, kwa sababu ndiyo hununuliwa kwa pesa nyingi za kikundi kwa mara moja.

Gogo la kienyeji bado lina kazi yake. Ni rahisi kutengeneza na nyuki wanalipenda. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuchungulia bila kuharibu, na mara nyingi hutundikwa juu sana. Mzinga wa KTBH, ule wenye fito zilizopangwa juu, ulitengenezwa hapa Kenya mapema miaka ya 1970 kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Huning'inizwa kiunoni, na unaweza kuinua fito moja, ukaangalia, ukairudisha. Vikundi vingi vya akina mama viliingia kwenye asali kupitia mzinga huu, kwa sababu haukuhitaji mtu wa kukwea mbuyu usiku. Langstroth ni wa masanduku na fremu, na hutaka mashine ya kukamulia ili ulipe vizuri.

Sasa, siri ya KTBH iko kwenye fito. Kwa nyuki wetu, upana wa kila fito ni milimita 32. Huo ndio umbali ambao nyuki wenyewe huacha kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya lingine. Fundi akikata milimita 35 au 30 kwa sababu rula yake imechakaa, nyuki watajenga sega likivuka fito mbili au tatu, na mzinga wako wa kisasa utakuwa gogo la bei ghali. Kwa hivyo msimlipe fundi pesa zote kabla ya kazi. Tumeni arbuni, nendeni mpime mzinga wa kwanza, halafu mlipe kinachobaki kwa awamu. Kila awamu ikiingia kwa simu, ujumbe wake unabaki kuwa risiti. Fundi akisema hakulipwa, mnayo tarehe, saa na namba ya muamala.

Mzinga mpya usio na harufu ya nyuki unaweza kukaa mwaka mzima ukiwa mtupu. Pakeni nta safi kwenye fito na ndani ya mlango. Mchaichai pia husaidia, maana harufu yake inafanana na ile nyuki hutoa wakiitana nyumbani. Wekeni chambo kabla ya msimu wa maua, siyo baada yake.

Nyuki kama mwanachama

Turudi kwenye pesa. Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 15 chenye mizinga 30. Tuseme msimu huu wameuza kilo 180 kwa shilingi 500 kila kilo. Hiyo ni shilingi 90,000. Wakigawana yote siku hiyo, kila mmoja anaondoka na 6,000 na furaha.

Sasa tuseme kikundi kimekubaliana mapema kwamba katika kila shilingi 100 ya asali, 15 ni za nyuki. Fungu la nyuki linakuwa 13,500. Zinabaki 76,500, na kila mwanachama anapata 5,100. Tofauti ni shilingi 900 kwa kila mtu. Kwa miezi sita ya kungojea msimu mwingine, fungu la nyuki linaweza kutoa 2,250 kila mwezi kwa maji, grisi, waya, kibarua wa kufyeka nyasi, na sukari kidogo kama ukame umezidi. (Maji ya sukari hupewa nyuki wakati wa njaa tu. Ukiwapa wakati wa maua, wataweka sukari kwenye masega na wewe utaiuza kama asali. Wateja wanajua.)

Asilimia 15 si sheria. Kikundi kinachoanza kinaweza kuhitaji 30, na chenye mizinga mingi iliyokomaa kinaweza kufanya na 10. Muhimu ni kwamba kiasi kikubaliwe wakati hakuna pesa mezani. Ukingoja mpaka siku ya mavuno, mwenye mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo hatakuelewa ukimwambia habari za grisi, na mimi simlaumu.

Pesa hiyo ikae wapi

Vikundi vingi huanza na simu ya mweka hazina. Kila mtu anamwamini mama fulani, basi pesa zinatumwa kwa laini yake. Sina shaka na uaminifu wake. Shida ni kwamba laini imesajiliwa kwa jina na kitambulisho chake, na pesa zilizo ndani zinaonekana ni zake. Akifariki, familia ndiyo itafuata pesa hizo kwa taratibu za urithi, na kikundi kitabaki kikionyesha daftari. Simu ikiibwa, ni mpaka yeye mwenyewe aende akarudishiwe laini. Hata akiwa mzima, pesa zake na zenu zimechanganyika, na siku moja atanunua unga kwa pesa za nyuki bila hata kujua.

Afadhali kikundi kisajiliwe. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inaruhusu kikundi cha watu wasiopungua 10, na usajili hufanyika kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yenu. Mkiwa na cheti, katiba na kumbukumbu za mkutano uliochagua viongozi, mnaweza kufungua akaunti ya kikundi ambayo pesa haitoki mpaka watu wawili au watatu waidhinishe, kila mmoja kwa simu yake na namba yake ya siri. Wenye idhini wasiwe mume na mke, na wasikae boma moja. Namba ya siri ya mmoja isijulikane na mwingine, hata kama "mwenyekiti haoni vizuri, mimi humbonyezea." Mwenyekiti asiyeweza kubonyeza mwenyewe anaweza kubaki mwenyekiti, lakini idhini ipewe mtu mwingine.

Kama mnatumia Paybill, kuna nafasi ya kuandika namba ya akaunti. Wengi huandika jina tu. Jaribuni kuandika namba ya mzinga. Pakeni rangi kila mzinga: 1, 2, 3 mpaka 30. Mwanachama anayelipia mzinga wake kidogo kidogo aandike namba yake kila anapotuma. Mwisho wa mwaka mkitoa taarifa ya akaunti, mtaona mzinga wa 7 umelipiwa wote na wa 19 bado. Mkiweka hiyo kando ya daftari la mavuno, mtaona pia ni mizinga gani haileti kitu, na labda inahitaji kuhamishwa kivulini au mbali na njia ya siafu.

Taarifa hiyo isomwe kwa sauti mkutanoni angalau kila baada ya miezi mitatu, ya kuingia na ya kutoka. Wasiojua kusoma wana haki ya kusikia.

Siku ya kuuza

Hii ndiyo siku kikundi kinaweza kupoteza kazi ya mwaka kwa dakika tano.

Asali huvunwa jioni, jua likishuka, kwa sababu nyuki wametulia. Mkimaliza ni usiku, mmechoka, wengine wameumwa, mtandao ni wa kubahatisha, na mnunuzi ana haraka ya kurudi mjini. Anapakia ndoo, anabonyeza simu, anasema, "Nimetuma, angalieni." Simu ya mweka hazina inalia. Ujumbe uko pale na kiasi ni sahihi. Gari linaondoka. Asubuhi, salio ni lilelile la jana.

Ujumbe wa uongo ni rahisi kuandika. Angalia umetoka wapi: ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma, siyo kwa namba ya kawaida ya simu. Lakini usikomee hapo. Ingia kwenye menyu wewe mwenyewe, uangalie salio la akaunti ya kikundi. Salio lisipopanda, pesa haijaingia, hata kama ujumbe umeandikwa vizuri namna gani. Na mpangie wanachama wawili wapokee taarifa za malipo, asiwe mmoja tu, ili yule aliyechoka asiachiwe uamuzi peke yake.

Kama mtandao umekwama, kuna njia mbili tu. Mnunuzi alale, au asali ilale. Ile ya tatu, "nitatuma nikifika mjini," hatuipendekezi hata kwa mtu mliyemuuzia miaka mitano. Njia nzuri zaidi ni kutouza usiku kabisa. Vuneni jioni, fungieni ndoo zenye mfuniko mahali pasipo na nyuki wala siafu, mpime asubuhi kwa mizani yenu wenyewe, mwandike kilo kwenye daftari mbele ya mnunuzi, halafu alipe mahali penye mtandao. Asali haiozi kwa usiku mmoja.

Kuna mchezo mwingine. Mnunuzi analipa kweli, anabeba asali, halafu anaomba pesa irudishwe akidai alituma kwa makosa. Hapa daftari ndilo wakili wenu: kilo, bei, jina lake, namba ya gari na sahihi yake. Mkipigiwa simu na huduma kwa wateja kuulizwa kama muamala ni wa halali, mna cha kujibu. Lakini mkipigiwa na mtu anayetaka namba ya siri "ili tuzuie kurudishwa kwa pesa," kateni simu. Sisi hatuulizi namba ya siri, kwa sababu yoyote ile.

Mambo mawili ya kumalizia msimu

Mkitaka kupeleka chupa zenu kwenye supamaketi badala ya kumuuzia broka kwa ndoo, mtahitaji alama ya ubora ya KEBS na lebo yenye jina la kikundi. Fungu la nyuki lisiguswe kwa hilo, anzisheni fungu lingine. Nta nayo msiitupe: ikiyeyushwa na kuchujwa ina wanunuzi wake, na kidogo ibaki ya kupaka mizinga mipya.

Na majirani wanaopulizia dawa mashambani, watafuteni mapema. Waombeni wapulize jioni nyuki wakiwa wamerudi, na wasipulize mimea iliyo katika maua. Katibu awe na namba zao zote, awatumie ujumbe mwanzoni mwa msimu, na akiambiwa siku ya kupuliza, awajulishe wanachama ili maji yawekwe karibu na mizinga siku hiyo. Mkivuna, mpelekeeni kila mmoja wao kichupa.